Mjomba, nihamishe kiwanda changu cha achari kutoka Mombasa nikirudishe kwetu Malindi?

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa barazani kwa mama, Shella, hapa Malindi. Alasiri imeingia, na kesho asubuhi lazima niwe Kisauni kufungua mlango wa kazi. Tangu Ramadhani ipite hii ni mara ya sita napanda matatu kuja huku na kurudi, na kila nikirudi Mombasa najiuliza swali lile lile.

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Niliolewa Mombasa, na mwaka 2011 nilianza kupika mabuyu jikoni kwangu, sufuria moja, nikiwauzia watoto wa madrasa. Leo, alhamdulillahi, nina watu 11. Wanawake watano humenya, huvunja na kuanika, wanne hupika na kufunga pakti, na vijana wawili hubeba na kusambaza. Tumepanga jengo Kisauni lenye ua mkubwa nyuma. Tunatengeneza mabuyu, achari ya embe ile kavu ya pilipili, na ukwaju wa sukari. Wanunuzi wangu wakubwa ni wenye maduka ya jumla Kongowea na Marikiti, na supamaketi mbili.

Mwenye nyumba ameniambia kodi itatoka 38,000 hadi 65,000 kuanzia Januari. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria kwetu. Maana ukitazama, Mjomba, kila ninachopika kinatoka huku. Maembe ni ya Kakuyuni na Jilore, mabuyu ya Ganze, ukwaju wa Magarini, hata chumvi ni ya Gongoni. Vya Mombasa ni sukari, pilipili na rangi tu. Mzigo unapita Kilifi, unakwama Mtwapa, unafika Kisauni, na tukishapika, mabunda mengine yanarudi njia ile ile kuuzwa Malindi. Wiki iliyopita nilipita duka moja karibu na soko la hapa nikaona pakti yangu imetundikwa mlangoni. Embe lililochumwa si mbali na pale lilikuwa limesafiri kilomita 240, kwenda na kurudi, ili linunuliwe na mtoto wa Malindi. Nilisimama nikalitazama kama ninayetazama kosa langu mwenyewe.

Nilipima kwa mizani. Kilo 100 za maembe mabichi, tukishamenya, tukatoa kokwa na kuanika, zinabaki kilo 12. Mabuyu tukiyavunja, karibu nusu ya uzito ni maganda. Pikapu ya kilo 1,000 hivi nailipa 14,000 kwa safari, na msimu wa maembe ukikolea ni safari mbili kwa wiki. Makreti ya chini hufika yamepondeka.

Kaka yangu mkubwa, anayekaa kwenye shamba la marehemu baba huko Kakuyuni, ananiambia, "Njoo ujenge hapa, ardhi ni yetu sote, hutamlipa mtu." Ameshanionyesha na mahali, kwenye mikorosho ya zamani. Rafiki yangu naye anasema serikali inawasamehe kodi wanaotoa viwanda miji mikubwa na kuvipeleka mashinani.

Aliyenitia mashaka ni mume wangu. Yeye kazi yake ni kutoa mizigo bandarini. Mwaka 2019, amri ilipotoka kwamba makontena ya bara yapakiwe kwenye reli mpya moja kwa moja hadi Nairobi, ofisi aliyokuwa akifanyia kazi ilipunguza watu, naye akakaa nyumbani miezi mingi. Nilipomweleza habari ya Malindi hakupandisha sauti. Aliniambia tu, "Na sisi tuliambiwa hivyo hivyo, kwamba kazi imehamia kwingine. Hao wanawake wako watakwenda kumlilia nani?" Tangu usiku ule silali vizuri.

Yupo mmoja niliye naye mwaka wa 12 sasa. Alikuwa akija kazini na mwanawe mgongoni. Ndiye mpishi wangu mkuu, akiangalia povu la sukari tu anajua kama limefika. Ana watoto watatu skuli Kisauni, na najua hatakuja Malindi. Kati ya wale wanaomenya, wawili kwao ni Ganda na kila mwisho wa mwezi huwa njiani kuja huku. Wengine wote maisha yao yako Mombasa.

Na mama, Mjomba. Ana sukari, macho yamepungua, na msichana anayemsaidia ni mdogo. Wakati mwingine sijui kama nataka kuhamisha biashara, au nataka kuwa karibu na mama nikaipa haja hiyo jina la biashara. Nisaidie.

Mpwa wako,
Kisauni na Malindi


Marahaba, mpwa wangu. Msalimie mama, mwambie nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi.

Naanza na mizani yako, kwa sababu umeniandikia jibu bila kujua. Kilo 100 zinabaki 12. Pikapu ya kilo 1,000 inakupa kilo 120 za embe kavu. Gawanya 14,000 kwa hizo 120 uone: kila kilo ya embe kavu imeshabeba zaidi ya shilingi 116 za gari kabla hujaitia chembe ya pilipili. Safari mbili kwa wiki ni kama 112,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anakuongezea 27,000, nawe umekasirika, una haki. Lakini pikapu inakula mara nne ya hizo kila mwezi wa msimu, na hujaikasirikia kwa kuwa umeizoea. Unalipa mafuta ya kubeba maji, maganda na kokwa kutoka Kakuyuni hadi Kisauni, na ukifika unawalipa watu kuyatupa. Juu ya hayo kuna ushuru wa kaunti unaotozwa barabarani kwa mazao mabichi. Tafuta risiti zake uzijumlishe pia.

Kwa hiyo umeniuliza uhame au usihame, na mimi nasema swali lako limefunga pamoja vitu visivyo vya fungu moja. Ndani ya hicho unachokiita kiwanda mna kazi nne. Kuna kumenya, kuvunja na kuanika. Kuna kupika. Kuna kufunga. Kuna kuuza. Ile ya kwanza inataka kuwa karibu na mti, kwa sababu ndipo uzito unapopotea na ndipo embe linapopondeka. Kupika kunataka mkono unaojua povu, na mkono huo uko Kisauni. Kuuza kunataka watu wengi mahali pamoja. Angalia sensa ya 2019: kaunti yetu ya Kilifi ilihesabiwa watu 1,453,787, Mombasa 1,208,333. Sisi ni wengi zaidi, lakini tumetawanyika kutoka Mtwapa hadi mpakani mwa Tana River, na wale wamebanana kwenye kisiwa na pwani zake. Mwenye duka la jumla Kongowea anakumalizia mzigo asubuhi moja. Huku utazunguka wiki nzima na tuktuk.

Hamisha kumenya, kuvunja na kuanika. Yaliyobaki yaache Mombasa kwa sasa.

Na mwenye nyumba? Niambie, ule ua mkubwa wa nyuma ni wa nini? Ni wa kuanikia. Maembe yakija Kisauni yameshakauka, na mabuyu yakija yameshavunjwa, hutahitaji ua, wala mahali pa kurundika makreti. Unahitaji jiko safi, chumba cha kufungia na stoo kavu. Tafuta jengo dogo hapo hapo mtaani, ambalo wapishi wako watalifikia kwa miguu kama walivyozoea. Ukibadilisha mahali pa kupikia, hata kwa mtaa mmoja, usisahau kwamba kibali cha KEBS, wale wakaguzi wa ubora wa bidhaa, kinataja mahali bidhaa inapotengenezwa, na afisa wa afya wa kaunti lazima alikague jengo jipya. Huku Kilifi nako utahitaji leseni ya biashara ya huku, kwa kuwa leseni ni kazi ya kaunti na ya Mombasa haivuki daraja la Mtwapa. Wanaomenya wawe na vyeti vya afya vya washika chakula, vile vinavyopimwa upya kila miezi sita. Watu huona kuanika ni kazi ya shambani tu isiyohitaji karatasi. Embe hilo linaliwa na watoto.

Uzuri wa kazi hii ya kwanza ni kwamba haitaki stima. Inataka jua, na Mungu ameziweka baraka mbili pamoja: maembe yanajaa kuanzia Novemba hadi Machi, wakati kaskazi inavuma na anga, vuli ikishapita, ni kavu. Masika yakiingia maembe yamekwisha, nawe una mabuyu. Buyu likiwa ndani ya ganda lake hukaa muda mrefu bila kuharibika. Jaza stoo kabla ya mvua, na watu wako wavunje chini ya paa Aprili hadi Juni. Hivyo kazi ya huku haitakuwa ya miezi mitano halafu watu wakae. Hilo ni jambo kubwa kwa mji huu, ambao umezoea kuajiri watu Desemba na kuwaaga baada ya Pasaka.

Hapo nimegusa kidonda changu. Mimi ni seremala, unajua. Katikati ya mwaka 2002 nilifunga karakana yangu Mombasa nikaileta yote Malindi, mashine ya randa, msumeno wa mviringo, na mafundi sita, wawili wao na familia zao. Hesabu yangu ilikuwa nzuri kwenye karatasi: pango nafuu, na hoteli zilikuwa zikiagiza vitanda na viti vya ufukweni. Tarehe 28 Novemba mwaka ule hoteli ikalipuliwa Kikambala. Miezi michache baadaye serikali za Ulaya zikawaonya watu wao wasije, na ndege za kutoka Uingereza zikasimama kwa muda. Oda zangu zilikuwa zote za hoteli. Nilikaa na vitanda 22 vilivyokwisha kupakwa vanishi, vimesimamishwa ukutani, na kila fundi alipopita alivipapasa kwa mkono bila kusema neno. Wawili niliwapa nauli ya kurudi kwao kwa fedha ya kukopa. Malindi haikunikosea. Nilichokosea ni kuhamisha kila kitu kwa siku moja, na kumtegemea mteja wa aina moja aliye mbali. Nilipoanza tena nilianza na madirisha na milango ya watu wa Barani na Maweni, na ndiyo iliyonilea mpaka leo. Nawe ukiuza huku, anza na maduka ya mitaani. Hoteli ikija, karibu, lakini usiihesabu kwenye mishahara.

Sasa hii habari ya kusamehewa kodi. Rafiki yako hakudanganya, ila hakumaliza. Makampuni yaliyosajiliwa ndani ya maeneo yaliyowekwa na Sheria ya Maeneo Maalum ya Kiuchumi ya 2015 hutozwa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, na 15 kwa miaka 10 inayofuata. Lakini lazima uwe kampuni yenye leseni ya humo, ndani ya eneo lililotangazwa rasmi. Nafuu nyingine, za kuwekeza nje ya Nairobi na Mombasa, zimekuwa zikiwekewa kima cha chini cha mamia ya milioni. Wewe mauzo yako yakiwa juu ya milioni moja na chini ya milioni 25 kwa mwaka, ni ile kodi ya mauzo ya asilimia 3, na itakufuata Kisauni, Kakuyuni na popote. Linaniuma jambo hili. Nafuu zimeshonwa kwa mwili mkubwa, na mtu mwenye watu 11, ambaye ndiye anayeweza kuwaajiri wasichana wa Ganda mwezi ujao, hazimwenei. Lakini usipange kwa nguo isiyokuenea.

Wala usipange kwa ahadi ya barabara au bandari. Ndugu zetu walikimbilia ploti Lamu mradi wa LAPSSET, ule wa bandari mpya na barabara, ulipozinduliwa Machi 2012. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, miaka tisa baadaye. Aliyekuwa na mtaji wa miaka miwili alikuwa ameshauza na kuondoka.

Nije kwenye shamba la baba.

Kaka yako anakupenda, sina shaka. Nakuuliza tu: hati ya shamba iko kwa jina la nani? Kama bado ni la marehemu, basi "ardhi yetu sote" maana yake ni kwamba hakuna aliyejua bado kipande chake. Ardhi ya ukanda huu imebeba mizigo tangu sheria ya hati ya 1908, pale wasioandikisha madai yao walipopoteza mashamba, na mpaka leo nyumba nyingi zimevunjika ndugu kwa ndugu kwa ajili ya ukuta uliojengwa kabla ya mirathi kugawanywa. Leo mnapatana. Kesho mmoja wenu atafariki, watoto wake watakuja na watakuta jengo la shangazi juu ya fungu lao. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, lakini hawakusema ujenge zege kabla mavuno hayajagawanywa. Mahakama ya Kadhi iko hapa Malindi. Kaeni ndugu wote, mwende mkagawiwe mafungu kwa utaratibu, nawe upate lako kama sheria inavyokupa. Mpaka hapo, msimu wa kwanza usiweke juu ya ardhi ile kitu kisichoweza kupakiwa kwenye pikapu. Na ulipe pango dogo kwa familia, liandikwe, watie sahihi wote waliorithi, hata dada yenu aliyeolewa mbali kama yupo. Bure ya ndugu huja kudaiwa siku ambayo biashara imechangamka.

Sasa mume wako. Mwambie Mjomba amemwelewa.

Mji wetu wa Malindi unaijua habari hii kabla ya reli. Wareno walikuwa na kituo chao hapa, na mfalme wa Malindi alikuwa rafiki yao. Mwaka 1593 walipoanza kujenga Fort Jesus, walihamia Mombasa, na ukoo wa kifalme ukahama nao. Biashara ikawafuata waliohama, na Malindi ikanyauka mpaka ikawa kama haipo. Hakuna aliyewauliza wavuvi na wafumaji waliobaki. Na amri ile ya makontena ilitoka Agosti 2019, ikaja kuondolewa Septemba 2022. Miaka mitatu. Amri ikifutwa, kazi ya mtu hairudi pale pale ilipokatika, na mume wako ni shahidi. Anachokuambia si kwamba kazi isihame. Anakuambia yeye alisikia mambo yakiwa yameshaamuliwa.

Basi wewe fanya kinyume. Kabla hujapeleka hata meza moja Kakuyuni, waite wote 11, siku ya kazi, saa za kazi, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, na zile kilo 12 uziweke mezani wazione. Wapishi wanne na vijana wawili hawaguswi. Yule mama wa miaka 12 anabaki na sufuria yake, na mwambie hivyo mwanzo kabisa wa mkutano, asikae akisubiri jina lake. Wale wawili wa Ganda waulize kama wanataka kuwa wakubwa wa kazi huku. Pengine umekuwa ukiwalipa nauli ya mwisho wa mwezi miaka yote hii, na walichokuwa wakingoja ni wewe kurudi. Usiwapunguzie mshahara kwa kuwa wamehamia Kakuyuni. Amri ya mishahara ya chini inaiweka Mombasa daraja la juu na mashamba daraja la chini, kwa hiyo sheria itakuruhusu. Mimi nakukataza.

Wanabaki watatu. Tafuta kama kufunga pakti kunaweza kumeza mmoja au wawili, hasa ikiwa fedha ya pikapu itakuwezesha kupika zaidi. Asiyepata nafasi, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, imekupangia: ilani ya maandishi ya mwezi mmoja kwake na kwa afisa wa leba, likizo alizokuwa akidai, na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Mtu wa miaka sita ni siku 90. Piga hesabu hiyo leo, uitenge, iwe sehemu ya gharama ya kuhama kama vile mbao na misumari. Waajiri wengi huiita hasara iliyowakuta njiani. Uliijua kabla ya kuondoka.

Halafu kuna watu ambao hukuwataja kabisa, mpwa wangu, nao ni wenye maembe. Ukiwa Kisauni, wewe ni mnunuzi wa mbali anayekuja na pikapu. Ukiweka meza Kakuyuni utakuwa mnunuzi wa hapo, na watakuletea kwa baiskeli, kwa kichwa, kwa mkokoteni, na kila mmoja atasema mwanawe anasubiri karo. Kaka yako amekuonyesha mahali kwenye mikorosho ya zamani. Muulize ilipandwa kwa nini. Kilifi kulikuwa na kiwanda cha korosho tangu miaka ya 1970, na kwa sababu yake watu waliitunza mikorosho kama watoto. Kilipofungwa, mkulima aliachiwa dalali anayepanga bei peke yake, na wengine wakaikata wakachoma makaa. Mahali kiwanda kinapokwenda, mashamba hubadilika kukifuata, na kikiondoka mti hauwezi kukifuata. Kwa hiyo usiahidi kununua maembe yote. Sema kiasi, sema bei, sema siku za kununua, ubandike kwenye mti ionekane, na siku hizo uwepo na fedha mkononi. Msimu wa kwanza nunua makreti machache uliyo na hakika nayo. Ni afadhali mtu arudi nyumbani na kreti moja lisilonunuliwa kuliko aachwe Februari na shamba zima alilokuwekea.

Kuhusu mama, usijihukumu. Umeuliza kama umeipa haja ya moyo jina la biashara. Kilo 12 ulizipima kwa mizani, hukuzipima kwa mapenzi. Ila kazi hii ikianza, msimu wote utalazimika kuwa huku siku tatu kwa wiki, maana embe la kuanika likipatwa na unyevu usiku mmoja linaota kuvu, na wale wawili wa Ganda watahitaji jicho lako mwanzoni. Siku hizo tatu utalala Shella. Kwa zile nne zilizobaki, yule msichana mdogo hatoshi kwa mtu mwenye sukari na macho hafifu. Tafuta mtu mzima, wa ukoo ikiwezekana, umlipe mshahara kamili, na fedha hiyo itoke kwenye zile 112,000.

Meza nne zinatosha kuanzia. Fundi azikate mita 2 kwa 1, miguu ifike kiunoni ili mbuzi na kuku wasifikie, juu wavu wa plastiki wa chakula, na kifuniko cha wavu mwembamba kwa nzi. Miguu ifungwe kwa bolti, isipigiliwe misumari, ifunguke siku ukitaka kuhama. Kipande cha embe kiwe kimekauka kiasi kwamba ukikikunja vidole vinabaki vikavu. Na zipimishe mwezi huu, kwa sababu mafundi wa Malindi wakishashika oda za Desemba, hata mimi hutanipata.

Mjomba wako